Kilio cha Mtu Aliyepanda Treni

Harufu ya mawese yaliyomwagikia chuma cha moto ndiyo inayonirudisha kule. Mimi ni muuzaji wa mafuta, kwa hiyo nakutana nayo karibu kila juma. Madumu yanashushwa stesheni ya Kamina, moja linavuja, mafuta yanatiririka juu ya reli iliyopigwa na jua tangu asubuhi, na ile harufu inapanda. Wengine wakiisikia wanatamani sombe, kisamvu cha mawese. Mimi nikiisikia nataka kukaa chini.

Ninyi wa umri wangu mnajua ninachosema. Wengi wetu tulilala mahali ambapo mpaka leo hatujawaambia watoto wetu. Mimi nitasema, kwanza kwa sababu nimechoka, pili kwa sababu sikusoma kiasi cha kujua kuzunguka maneno. Niliishia darasa la tatu. Nyumba ninayokaa ni ya matofali ya kuchoma, ina bati na vyumba vinne, nami niliijenga kwa mgongo wangu. Hakunipa mwanaume, hakunipa padri. Mtu mwenye nyumba kama hiyo anaweza kutaja alikolala zamani bila kuangalia chini.

Baba yangu alikuwa Mkasai, karani wa stesheni kule Luena. Mama yangu alikuwa Muluba wa huku kwetu Katanga, mtoto wa wavuvi wa Katoto, karibu na Bukama. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Ukipoteza kazi, unapoteza na mlango. Basi ulipofika ule wakati watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao palikuwa hapahapa, baba akaambiwa arudishe ufunguo. Mama hakuambiwa kitu. Angeweza kubaki kwa ndugu zake. Akafunga vyungu vyake ndani ya blanketi akamfuata mume wake, na mimi na mdogo wangu Kalala tukamfuata yeye, na mtoto mchanga akiwa mgongoni.

Treni ikatufikisha Kamina, mahali reli inapogawanyika, ikasimama hapo siku nyingi. Ilipokuja nyingine ya kwenda Kasai, watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa. Baba akapata pa kushika, mtu mmoja tu. Alisema anatangulia kutafuta nyumba, akiipata atatuma barua, sisi tufuate. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, na kazi hakuwa nayo tena. Nakumbuka nilimwonea fahari.

Tulikaa kwenye behewa bovu, kwenye reli iliyokufa, majani yakiwa yameota kati ya mataruma. Zamani lilikuwa likibeba mawese. Sakafu ilikuwa nyeusi, na saa sita mchana ile nyeusi ilikuwa inatoa jasho. Ukilala ubavu, nguo inanata. Mlango ulikuwa umeshikwa na kutu, haukufunguka wote wala haukufungika. Kulikuwa na mabehewa mengine, na kila moja lilikuwa na watu wake. La kwetu lilikuwa na namba ubavuni, kubwa, ya rangi nyeupe, na mimi nikadhani ndiyo namba ya nyumba. Niliwatambia watoto wa stesheni kwamba nyumba yao haina namba, yetu inayo.

Tena niliamini jambo jingine. Niliamini behewa letu linangoja zamu yake, kwamba siku moja watalifunga nyuma ya treni na kutupeleka kwa baba, sisi na vyungu vyetu. Kwa hiyo mama alipotaka kupanda matembele pembeni ya reli, niliyang'oa. Akayapanda tena, nikayang'oa tena. Alinipiga, hakujua kwa nini nafanya vile, nami sikujua kwamba yeye hajui. Niliona wazi kabisa: mtu akipanda mboga, atabaki ailinde, na treni itaondoka.

Barua haikuja. Kiangazi kikapita na vumbi lake. Mtoto mchanga akaanza kukohoa kikohozi kikavu. Halafu watu wa reli wakapita behewa kwa behewa wakisema mvua ikianza watayaondoa kwa matengenezo, kila mtu atafute kwake. Kwake wapi? Hapo ndipo mama alipoanza kutafuta lupango. Sisi kiwanja cha mtu kukaa na watu wake tunakiita lupango, na mtu asiye na lupango katika mji wetu ni kama mtu asiye na jina la baba.

Kwanza alikwenda mjini, kwa mkuu wa kartie, yaani wa mtaa. Alieleza yote, tangu Luena: koti, treni, barua, kikohozi, watu wa reli. Nilikuwa nimesimama kando yake. Yule mkuu alisikiliza huku akichonga penseli, akaichonga mpaka ikabaki fupi. Mwishoni akasema mwanamke mwenye mume ni wa mume. Hawezi kumpa ardhi mtu ambaye kesho barua itafika naye atapanda treni. Mama akasema barua haijafika. Akajibiwa kwamba mume angali yupo. Hakutukana mtu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomchosha mama, maana mtu akikutukana unapata cha kurudisha.

Sasa lazima niwajulishe Mama Zaina. Aliuza chumvi, sabuni na vitenge pembeni ya stesheni. Babu zake walikuwa Waislamu waliotoka Maniema na biashara zao, wakafika hapa kabla ya reli, na alipenda kutukumbusha. Alikuwa mnene, mwenye mdomo, na alitupa maji ya kuoga bila kutufanya tuombe. Mama alipomweleza jinsi alivyokataliwa, Mama Zaina alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Weye Mama Kalala, unaelezaka sawa muntu anahesabu mizigo mu treni," alisema. "Muntu anasikia, anachoka, analala. Mupe kintu moja tu. Kintu moja njo muntu anaweza kubeba mu roho."

Mama akasema hana kitu kimoja, ana vingi. Mama Zaina akamwambia aendelee tu kuongea, yeye atakichagua. Mama akaongea na kuongea, na akiwa katikati akasema, kama mtu anayetaja jambo la upuuzi, kwamba asubuhi waliyofukuzwa alisukula sima yote ya nyumba, ile sakafu ya saruji, akapiga magoti akaisugua kwa brashi, na alipompa mtu wa reli ufunguo sakafu ilikuwa bado mbichi, yule mtu akaingia na viatu vyake.

Mama Zaina akaweka chini kipande cha sabuni alichokuwa anakata.

"Ulisukula sima ya nyumba banakufukuza?"

"Sikutaka baseme nilikuwa muchafu."

"Njo ile," Mama Zaina akasema. "Hakuna ingine. Tunaanzia pale."

Wakakubaliana kwenda kwa chefu wa ardhi, mzee wa kijiji kilichoko mwisho wa mji, maana ardhi ya kule ilikuwa bado mkononi mwake. Kwetu mtu haendi kujisemea mwenyewe mbele ya mkubwa. Anakwenda na mtu wa kubeba maneno yake. Mama Zaina akakubali kuyabeba. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulisikia, kwa sababu walikuwa wamenituma maji. Nimeambiwa na Mama Zaina mwenyewe, alipokuwa amezeeka na mimi nikiwa tayari na duka. Aliuliza: wakiuliza mume, tuseme nini? Mama akasema, "Nitasema alikufa."

Mama Zaina akamjibu hivi: "Mudomo yangu inasali mara tano kila siku. Maneno yote nitabeba, ile moja hapana. Ukifika pale, utaibeba mwenyewe."

Sitawaficha ninyi mnaosoma, hatuko watoto. Mama hakuwa na habari yoyote ya kifo. Alikuwa na mvua inakuja na mtoto anayekohoa.

Tulikwenda asubuhi. Chefu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, redio magotini, na wazee wawili pembeni. Mama alivua viatu, akapiga magoti, akapiga makofi polepole, akachota udongo akajipaka mikononi na kifuani. Ndiyo heshima ya Kiluba mbele ya chefu, nami sikuwahi kuiona, maana nilikulia kwenye nyumba ya karani. Nilidhani anajipaka ili aonekane mchafu zaidi, tuhurumiwe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kwenda kumfuta.

Mama Zaina akasema, "Vidye," ndivyo wanavyomwita, na akaanza na ile sima. Nawaambia, nimesikia wahubiri wengi tangu siku ile, na watu wa siasa, na sijasikia mtu akiongea vile. Hakupandisha sauti. Alieleza brashi, maji, magoti. Alieleza viatu vya yule mtu wa reli vikiingia. Mzee mmoja akaguna. Chefu akazima redio. Mama Zaina akasema huyu mwanamke ni mtoto wa mto wenu, ametoka Katoto, anataka tu mahali pa kusukula tena.

"Bwana yake iko wapi?" chefu akauliza.

Mama Zaina akaangalia chini. Mama akajibu mwenyewe.

"Alikufa, Vidye. Mu njia ya Kasai."

Mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Nilidhani barua ilifika nilipokuwa kisimani. Nilidhani kila kitu nilichokuwa sikielewi siku zile, mama kukaa kimya, yeye na Mama Zaina kunong'ona, kilikuwa hicho. Nilianguka palepale kwenye udongo nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, nikamwita baba kwa jina lake la nyumbani, nikamwambia alisema atatuma barua. Kalala akaniona, naye akaanza.

Mama hakulia. Alibaki amepiga magoti, uso mgumu kama jiwe la kusagia, na mimi nikamchukia.

Chefu aliniangalia. Kisha akawageukia wazee wake.

"Mutoto hadanganyake na machozi," akasema. "Mumupe fasi."

Mnaona sasa. Ile sima ilifungua sikio lake, lakini ardhi niliitoa mimi, kwa jambo ambalo halikuwapo.

Leo watu wanakuja kwangu niwabebee maneno. Vita viliposhika kaskazini, watu wa upande wa Malemba-Nkulu walijaa hapa Kamina, wakalala kwenye shule, kwenye makanisa, kwenye mabehewa yaleyale, na mpaka leo kila vurugu ikiwaka kule tunawapokea wengine. Mimi nakwenda nao kwa wakuu wa kartie. Najua kuchagua kile kitu kimoja; nilifundishwa na fundi. Wanakuja pia wageni na madaftari, wanakaa kwenye viti tulivyowaletea, wanamwambia mama mwenye watoto watano eleza, eleza tena, ulijisikiaje. Akilia wanaandika. Asipolia wanaenda kwa mwenzake. Nafanya kazi hiyo kwa sababu inaleta mahema na malupango, na sitaiacha. Lakini inanichosha. Mtu ananyeshewa, anaonekana ananyeshewa, na bado anadaiwa hadithi.

Turudi. Chefu hakutoa kiwanja bure kama mnavyofikiri. Alisema mtu akifa lazima apate kilio. Hawezi kuacha familia iingie kwenye ardhi yake na roho ya mtu isiyoliliwa ikija nyuma yao. Kilio kwanza, kisha lupango. Na kilio hakifanyiki ndani ya behewa. Kinataka mlango wa watu kuingia kwa kuinama, na moto mbele yake. Mama akasema hakuna mwili. Akajibiwa kwamba wengi siku hizi hawana mwili. Mama akamwangalia Mama Zaina.

Kwa hiyo wanaume wa kijiji kile, watu wasiotujua, wakaja na miti na majani, wakasimamisha kibanda kwa siku mbili, kwa ajili ya marehemu. Wanawake wakaja na unga na makayabu, samaki wa chumvi. Wakamketisha mama chini kwenye mkeka, wakamnyoa nywele zote kwa wembe, wakamkataza kuoga, wakamfunga kitambaa cheusi. Mama Zaina alileta mchele, akakaa nje, akapika, hakuingia mahali pa kulia hata mara moja.

Desturi inataka watu wa upande wa mume wawepo, na huko hatukuwa na mtu. Chefu akaagiza atafutwe Mkasai yeyote. Wakampata mzee mmoja fundi viatu wa stesheni, ambaye treni zilimwacha mara tatu kwa sababu ya miguu yake. Akaja, akauliza marehemu alitoka kijiji gani. Mama akamtajia. Yule mzee akashika kichwa akasema anamjua, walikua pamoja, alikuwa mtu mwema sana, akaanguka kwenye mkeka akalia mpaka watu wakamshika mabega. Nilimpenda sana siku ile. Alikuwa anamlilia baba vizuri kuliko mama.

Siku ya mwisho ya kilio mama alimvuta pembeni. Mimi nilikuwa karibu, nachambua mchele. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama kweli anamjua, kama amesikia habari yoyote. Sikuelewa kwa nini anauliza. Mzee alitazama viganja vyake.

"Mama, unisamehe. Banatufukuza mu nyumba, bibi yangu alikufia ku gare, pale stesheni, sikupata kilio. Niliazima ya kwako."

Mama akamshika mkono. Ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza, naye alikuwa analia na yule mzee, si na sisi.

Mvua ilikuja tukiwa ndani ya kibanda kile cha kilio. Majani yalivuja pembeni tu. Mtoto alipona kikohozi. Watu wa kilio walikuwa wamezoea njia ya kwetu, wakaendelea kuja. Mmoja akatufundisha kufyatua matofali mabichi, mwingine akatupa mbegu, na kabla ya kiangazi kingine tulikuwa na kuta. Mama alisukula ile sakafu ya udongo kwa samadi kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nakonda. Sikula vizuri, nilikataa shule, na huo ndio mwisho wa shule yangu. Mama alikuwa akiniangalia nikilala mchana nimeelekea ukuta. Alijua dawa yangu, maneno mawili tu, na hakuyasema. Mtoto hana kufuli mdomoni. Neno moja kisimani lingefika kwa chefu, na tungerudi kwenye reli. Msimu mzima aliniacha niomboleze mtu ambaye huenda alikuwa hai. Nina watoto saba, nimejiuliza kama ningeweza. Ningeweza. Ndiyo sababu simlaumu.

Alinieleza siku ambayo chefu alikuja mwenyewe kupanda miti ya mpaka na kutaja mbele ya mashahidi kwamba lupango ni la Mama Kalala na watoto wake. Watu walipoondoka, alinikalisha kwenye kizingiti, akaniambia baba hakufa, au kwamba yeye hajui kama alikufa, kwamba alisema vile kwa ajili ya mvua.

Alidhani nitafurahi. Nilikuwa nimekwisha kumzika. Nilikuwa nimeona mama akinyolewa kwa ajili yake, nimekula chakula chake cha kilio, nimewajibu watoto wa kijiji mara mia kwamba sina baba. Niliuliza swali moja tu, swali la mtoto anayeogopa kufumaniwa.

"Mama, akirudi tutamwambia nini?"

Mama alikuwa anapapasa kichwa chake, nywele zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe pembeni.

"Tutamwambia aingie," akasema. "Nyumba iko ya kwake. Njo yeye aliilipa."

Hakuingia. Kwanza treni zikawa chache, kisha vikaja vita, reli ikakatika, na upande wa Kasai ukawa mbali kama ng'ambo. Mama alikufa bila kujua yeye ni mjane au si mjane. Nimeuliza kwa madereva, kwa wafanyabiashara, kwa mapadri wa kutoka Kananga. Huenda alikufa njiani kwelikweli mwaka uleule. Huenda alipata mke mwingine, na kuna watu wazima kule, wadogo zangu, wenye pua yangu. Mtu akija kesho na habari ya hakika nitampa kiti, nitampa maji, nitamsikiliza mpaka mwisho. Kulia sitalia. Machozi ya baba yangu niliyatoa yote siku moja, mbele ya chefu, na tukapewa kiwanja.